Ng'ombe wa Mahari na Dola za Kwenye Kopo

Siku wageni walipokuja kuzungumzia mahari ya mdogo wangu, baba mdogo alikataa kutaja shilingi.

Tulikuwa kwa mama, Kijenge, makochi yamesukumwa ukutani ili viti vya kuazima kanisani vipate nafasi. Baba yetu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo mdogo wake ndiye aliyekaa kwenye kiti cha baba, amevaa koti la suti ingawa joto lilikuwa kali. Upande wa pili alikaa mshenga, mzee wa Kiislamu mwenye asili ya Kondoa aliyeuza mchele sokoni na kuishi jirani na wazazi wa bwana harusi huko Levolosi. Wazazi wenyewe walikuwa Wachaga kama sisi, wa Rombo, waliokuja Arusha na biashara ya mitumba na hawakurudi tena. Mimi nilisimama kwenye mlango wa jikoni na sinia la vikombe, najifanya nasubiri kuitwa.

"Mzee mwenzangu, tutajieni kiasi tukifahamu," mshenga alisema kwa upole.

"Ng'ombe," baba mdogo akajibu.

"Ng'ombe tunawajua. Lakini hapa mjini mtawafunga wapi? Si tuwapigie hesabu, tuwalete kwenye bahasha?"

"Leteni bahasha, sikatai. Ila hesabu ipigwe kwa bei ya mnadani ya siku mtakayokuja nayo. Siyo bei ya leo."

Mshenga akacheka, wenzake wakacheka, mwishoni hata mama akacheka. Wakakubaliana idadi ya ng'ombe, wakaongeza mbuzi na blanketi la bibi, nikaitwa nilete chai. Hakuna aliyeona shida. Bwana harusi alikuwa dereva wa watalii, anapeleka wageni mbugani na kurudi na bakshishi ya dola. Siku zile dola ilikuwa ikipanda tu, na mtu mwenye dola alitembea mjini kifua mbele.

Mimi nilikuwa nafanya kazi benki, kwenye dawati la mikopo, na bado niko huko. Mwaka ule kazi yangu ilinitoa jasho kuliko miaka yote. Asubuhi tulipofungua milango, benchi la wateja lilikuwa limeshajaa wafanyabiashara wanaotafuta dola za kununulia mizigo nje: matairi, dawa, vipuri. Dola hatukuwa nazo za kuwatosha. Niliwaambia wasubiri, nao walisubiri, wakiamka na kukaa, wakitoka nje kupiga simu na kurudi. Mmoja, mwenye duka la vipuri, alikuwa akizunguka nguzo ya ukumbi mpaka mlinzi akamwomba akae. Sikumcheka. Mimi mwenyewe nilikuwa na simu mkononi naangalia bei ya dola kila nilipopata nafasi, kama mtu anayempima mtoto homa.

Kwa sababu kilichoanza kwenye dola hakikuishia kwenye dola. Mafuta ya gari yalipanda, nauli ikafuata, kisha mafuta ya kula, sabuni, mwisho hata mchicha, ambao mama alikuwa akiununua kwa mwanamke wa Kimeru aliyeuteremsha kutoka mlimani kichwani kwa miguu yake.

"Huyu naye mchicha wake unatumia dizeli?" mama aliuliza.

Nilimwambia yule mama naye ananunua sabuni na mafuta ya kula, hawezi kuuza kwa bei ya zamani na kununua kwa bei mpya. Mama alikubali, lakini alibaki ameshika lile fungu la mchicha, analigeuzageuza, kama anatafuta palipopunguzwa.

Mdogo wangu alitaka harusi ifanyike upesi. Alikuwa fundi wa kushona, ana chumba kidogo karibu na soko, na alikuwa na haraka kwa asili yake. Akila, anakula amesimama. Mwanamume wake alikuwa mtu wa kungoja. Dola zake aliziweka ndani ya kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati, na alimwambia mdogo wangu maneno ambayo yeye alikuja kunisimulia huku amekunja uso:

"Anasema kila wiki akilala tu, akiamka ametajirika zaidi. Anasema tukisubiri kidogo tutafanya harusi, tutanunua na kiwanja."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema harusi siyo parachichi, kwamba inaivia ndani ya kopo."

Hata hivyo alisubiri, kwa sababu hesabu ilikuwa upande wa mwanamume. Na kusubiri kule kukaniingia mimi vibaya kuliko wao. Nilikuwa katibu wa kamati ya harusi ambayo haikuwa na tarehe. Kila nikipita sokoni nilikuta mchele umepanda, nikajiambia nikingoja nitaununua kwa bei ya juu zaidi. Nikaanza kununua. Nilinunua magunia ya mchele, nikayapanga chumbani kwa mama. Nikanunua ndoo za mafuta ya kula, nikazificha chini ya kitanda. Nikanunua sukari. Mwishoni mama alikuwa akiingia kitandani kwake kwa upande, kwa kupanda juu ya gunia.

"Mwanangu, unanunua kwa ajili ya harusi au kwa ajili ya vita?"

"Mama, mwezi ujao itakuwa ghali zaidi."

"Na kama kila mtu anafanya kama wewe, kwa nini isiwe ghali?"

Nilitaka kumjibu, nikagundua kwamba ndivyo tulivyofundishwa chuoni, kwa maneno marefu zaidi: watu wakiamini bei zitapanda, wanakimbilia kununua, na mbio zao zenyewe zinazipandisha. Nililijua somo lile na niliendelea kununua. Kisha mchele ukaingia wadudu wadogo weusi. Siku nzima ya Jumamosi tulikuwa uani, mama, mdogo wangu na mimi, tumetandaza mchele kwenye turubai tukiuchekecha, majirani wakipita na kuuliza kama tumefungua ghala. Gunia moja lilikuwa limeharibika kabisa. Tuliwapa kuku wa jirani.

Katikati ya hayo Benki Kuu ikapandisha riba yake. Kazini tuliletewa maelekezo, na kazi yangu ilikuwa kuwaeleza wateja kwamba mikopo mipya itakuwa na gharama kubwa kidogo. Mdogo wangu alikuwa ameomba mkopo, kwenye benki nyingine, wa kununua cherehani ya umeme na mashine ya kudarizi. Alikuja kwangu na karatasi ya hesabu zao, akaiweka juu ya meza ya chakula.

"Dada, hebu nieleze. Kwa nini imeongezeka?"

Nilimweleza kadiri nilivyoweza. Kwamba bei zikikimbia, Benki Kuu inafanya pesa iwe ghali kukopa. Watu wakikopa kidogo, wananunua kidogo. Wakinunua kidogo, wauzaji hawana nguvu ya kupandisha bei. Tena shilingi inapata heshima, kwa sababu mwenye shilingi anapata faida akiiweka.

Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Kisha akasema, "Kwa hiyo mafuta ya kula yamepanda, na dawa yake ni mimi nisinunue cherehani?"

"Siyo wewe peke yako. Ni nchi nzima."

"Nchi nzima haishoni sare za shule. Nashona mimi."

Alikunja karatasi yake akaondoka. Nilibaki mezani na jibu langu la nchi nzima. Lilikuwa jibu sahihi, na halikumfaa kwa chochote. Siku zilizofuata, kila nilipomwambia mteja habari ya riba mpya, nilimwona mdogo wangu amesimama nyuma yake na karatasi iliyokunjwa.

Kisha mambo yakageuka. Msimu mkubwa wa watalii ulikuwa umeleta wageni wengi, mazao yalikuwa yameuzwa nje, dola zikaanza kuonekana mabenki. Wafanyabiashara wa benchi letu wakapungua mmoja mmoja. Yule wa vipuri alikuja siku moja akahudumiwa na kutoka bila kukaa. Shilingi ikapata nguvu, na ikaendelea kupata nguvu. Baadaye ikatoka kanuni kwamba bei na malipo ya ndani ya nchi yawe kwa shilingi. Hapa Arusha, ambako watu walizoea kukutajia kodi ya nyumba na ada ya shule kwa dola bila hata kupepesa macho, vibao vikaanza kubadilishwa.

Mchumba wa mdogo wangu akaja kwangu Jumapili baada ya ibada. Alikuja na nguo za kazi, ana safari mchana. Hakutaka kukaa.

"Shemeji, wewe uko benki. Niuze au nisubiri?"

"Sijui."

"Hujui, au hutaki kuniambia?"

"Sijui kweli. Aliyeko ndani ya benki haoni kesho. Tunaona ya leo, kama wewe."

Alicheka kidogo, kicheko cha kukata tamaa. Alizunguka sebule, akashika fremu ya picha, akairudisha. Aliniambia kila asubuhi anaamka kabla hajanawa uso anaangalia bei. Akiona imeshuka, anajiambia itarudi. Ikirudi kidogo, anajiambia itapanda zaidi. Ametoa kopo juu ya kabati mara nyingi mpaka mama yake ameanza kuuliza anatafuta nini.

"Subira ndiyo iliyonitajirisha," akasema. "Sasa ndiyo inanimaliza."

Na upande wa pili ng'ombe walikuwa hawashuki. Bei ya mnadani ilikuwa imepanda pamoja na kila kitu wakati ule wa dola kuadimika, na ilipanda ikabaki huko huko. Mama alisikia redioni kwamba mfumuko wa bei umetulia, akaniita.

"Mbona mchele haujashuka?"

"Mama, hawajasema bei zimeshuka. Wamesema kasi ya kupanda imepungua. Ni gari lililopunguza mwendo. Halijarudi nyuma."

"Basi waseme hivyo," mama akasema. "Mimi nilikuwa nimeshashika kikapu."

Kwa hiyo mahari, iliyofungwa kwa ng'ombe, ilikuwa imekua kwa shilingi, na dola za kulipia zilikuwa zimesinyaa. Mwanamume akaanza kutopokea simu. Mwanzoni alikuwa mbugani, mtandao hakuna. Baadaye alikuwa mjini, na mtandao upo. Mdogo wangu alipoteza usingizi, akakonda, akaanza kushona nguo za wateja na kuzifumua tena kwa sababu mshono haukumridhisha. Siku moja alifunga chumba chake mchana kweupe akaja benki, akapita mbele ya foleni, akaegemea dawati langu.

"Omba ruhusa. Tunaenda Terrat."

"Kufanya nini?"

"Kuonana na baba mdogo."

Nilishtuka. Bibi harusi hazungumzii mahari yake. Hiyo ni shughuli ya wazee, na msichana akiulizwa anaangalia chini. Lakini nilimtazama usoni nikajua nisipokwenda naye atakwenda peke yake, na itakuwa mbaya zaidi. Niliomba ruhusa.

Baba mdogo alikuwa anaishi Terrat kwenye nyumba ndogo ya vyumba viwili. Pembeni yake palikuwa na msingi wa nyumba kubwa, umejaa majani, mbuzi wanapanda na kushuka juu yake. Nilikuwa nimeuona tangu utotoni na sijawahi kuuliza.

"Shikamoo baba."

"Marahaba wanangu. Kuna msiba?"

"Hakuna, baba," mdogo wangu akasema, na bila kungoja maji wala kiti: "Nimekuja kuuliza, mimi nauzwa kwa bei ya mnada wa wiki gani?"

Nilimkanyaga mguu. Hakunijali. Baba mdogo alikuwa ameshika kiti anatuletea, akakiweka chini taratibu, akakikalia yeye mwenyewe. Mimi nilitamani kurudi kwenye foleni yangu ya benki.

"Nani amekuambia nakuuza?"

"Huyu kijana hapokei simu zangu. Alikuwa na pesa za kutosha, sasa hazitoshi. Hakunywa pombe, hakuibiwa. Amekaa tu, bei imemzunguka. Na wewe umemfungia na bei ya siku ya kuleta. Akipata kiasi hiki, bei ya ng'ombe imekwenda kule."

Baba mdogo akageukia ule msingi. Akatueleza habari ambayo sisi wote wawili hatukuijua. Alipopunguzwa kazi kiwandani, kabla mdogo wangu hajazaliwa, alilipwa mafao yake kwa mkupuo. Siku alipoahidiwa, kiasi kile kilitosha nyumba nzima, na alimwambia hivyo mke wake. Malipo yalichelewa. Yalipokuja yalikuwa yale yale, tarakimu kwa tarakimu, hakuna aliyemwibia. Yalitosha msingi.

"Mke wangu alidhani nimekula na mwanamke mwingine," akasema. "Mpaka anakufa alikuwa akiniuliza. Ningemjibu nini? Pesa zilikuwa zile zile. Basi nikasema, kwenye jambo la binti yetu sitahesabu karatasi."

Mdogo wangu akaanza kulia. Alilia kwa hasira, anajifuta na mkono, anaendelea kuongea. Akasema, "Pole, baba. Pole kwa mama mdogo. Lakini kosa la pesa umemtwisha huyu, na yeye pesa zimemfanyia vile vile."

Nilidhani atafukuzwa. Baba mdogo akakuna kidevu, akamwita mbuzi mmoja kwa jina na kumfukuza kwenye msingi. Kisha akasema, "Mwambie alete ng'ombe. Ng'ombe wenyewe, wenye miguu. Alete anaoweza kununua na alichonacho, hata kama hawafiki idadi. Nitawapokea mimi, na nitasema mbele ya watu kwamba wametimia."

"Na bahasha?"

"Bahasha sitaki kuiona."

Ilikuwa kazi kumpata mwanamume. Mwishoni ni mshenga aliyemtafuta, akamkuta nyumbani kwao amejilaza na viatu. Alimwambia, kama alivyotusimulia baadaye, "Kijana, mimi nauza mchele. Kila bei niliyowahi kuuzia, baadaye nimeijutia, iwe juu au chini. Nimekula, nimesomesha. Inuka." Wakaenda pamoja kubadilisha dola siku ile ile. Jioni bei ya dola ikapanda kidogo, na mwanamume alinipigia simu kunilalamikia. Nilimwambia asiniambie tena habari za bei mpaka aoe.

Mnadani mwanamume alikwenda na baba mdogo, upande wa Monduli, na mimi nikang'ang'ania kwenda. Palikuwa na vumbi na kelele, Wamasai wamesimama na fimbo, madalali wanashikana mikono ndani ya vitambaa, wakipatana bei kwa vidole. Mwanamume alitaka kumaliza haraka, ananyoosha kidole kwa ng'ombe wa kwanza aliyemwona. Baba mdogo alikuwa anamvuta shati. Walipita kwa huyu, wakarudi kwa yule, wakaangalia meno, wakagombana, wakapatana. Niliwaona kwa mbali wakitembea bega kwa bega, wote wawili wanatikisa kichwa kwa namna moja, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu sikutoa simu yangu mfukoni. Waliondoka na ng'ombe pungufu ya idadi ya makubaliano, na mbuzi. Blanketi la bibi lilikuwa limeshanunuliwa zamani.

Siku ya kupokea mahari baba mdogo alisimama Terrat mbele ya ndugu akasema, "Wametimia." Shangazi mmoja alianza kuhesabu kwa kidole. Mama akamshusha mkono.

Harusi ilifanyika mchana, kanisani na kisha kwenye ukumbi wa usharika, bila ukumbi wa kukodi na bila kamati kubwa. Mchele uliobaki kwa mama ulipikwa. Kiwanja hakikununuliwa. Maharusi wakapanga vyumba viwili Levolosi, nyuma ya soko, na mdogo wangu akaendelea na cherehani yake ya kukanyaga kwa mguu.

Niliamini mambo yametulia. Kisha asubuhi moja, kabla sijafika kazini, baba mdogo alipiga simu.

"Ng'ombe mmoja amekufa."

Nilisimama katikati ya barabara. "Amekufaje?"

"Jana hakula. Leo nimemkuta amelala. Daktari wa mifugo hana uhakika ni ugonjwa gani. Amesema tusimchinje wala tusimle, tumfukie chini sana."

Nilisogea pembeni ya barabara. Nikasikia anaanza kucheka upande wa pili, taratibu, kisha kwa nguvu, mpaka akakohoa. "Yule mkubwa, mwanangu! Yule niliyemchagua mimi mwenyewe!"

Jumamosi tulikwenda. Ardhi ya Terrat ilikuwa kavu, jembe lilikuwa linaruka. Mume wa mdogo wangu alivua shati akashika sururu, akachimba mfululizo, jasho likimtoka. Mdogo wangu alikuwa akienda na kurudi na ndoo ya maji kulainisha udongo, akimwambia achimbe upande huu, hapana, upande ule. Baba mdogo alikuwa amesimama ukingoni amevaa lile koti lake. Aliposhika fito kupima kina aliona hakijatosha.

"Ongeza kidogo, mwanangu," akamwambia yule kijana, na kijana akateremka tena ndani ya shimo.